Maisha ya Tom Mboya wa Rusinga: Funzo la Ridhaa na Kulazimishwa



Katika darasa zetu za fikihi tumekwisha mlango wa kuuza na kununua, na sasa tumo katika mlango wa ijara, yaani kukodi mali au kazi ya mtu kwa ujira. Hapana mlango wenye haja kubwa kwetu kuliko huu, kwani walio wengi katika watu wa miji yetu ya pwani ama ni waajiri ama ni waajiriwa, na wengine ni yote mawili kwa siku moja. Na hapana neno katika mlango huu linalotajwa sana na kufahamiwa kidogo kama neno ridhaa. Kila mtu husema kwamba mkataba hausihi ila kwa ridhaa ya pande mbili. Lakini mtu akikubali kwa ulimi, au akatia sahihi, au akaweka alama ya kidole gumba juu ya karatasi, na huku ajua kwamba akikataa atadhurika, je, huyo ameridhia?

Tumeona ni bora kulijibu swali hili kwa kueleza maisha ya mtu maarufu aliyekwisha kufa zamani, ambaye umri wake mfupi ulipita katika swali hilo hilo. Mtu huyo ni Tom Mboya, ambaye asili yake ni kisiwa cha Rusinga, katika kaunti ya Homa Bay.

Huenda ndugu akatuuliza: mtu huyu hakuwa Muislamu, bali alikuwa Mkristo wa madhehebu ya Kikatoliki, basi kwa nini kumtia katika waraka wetu? Jawabu letu ni kwamba haki ni haki popote iwapo. Mtume wetu, sala na salamu zimshukie, kabla ya kupewa utume alihudhuria nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an mapatano yajulikanayo kwa jina la Hilful Fudhul. Sababu yake ni mfanya biashara wa Zabid, katika nchi ya Yemen, aliyenyimwa thamani ya bidhaa zake na mkubwa mmoja wa Makka. Watu wa mapatano yale waliapa kusimama pamoja na mwenye kudhulumiwa mpaka apate haki yake. Wala hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, Mtume baada ya kupewa utume alieleza kwamba lau angeitwa kwenye mapatano kama yale angeitika. Basi sisi hatuna haya ya kujifunza insafu kwa mtu wa Rusinga.

Kwanza tuifahamu sheria yenyewe. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, Mwenyezi Mungu amekataza kuliana mali kwa batili, akahalalisha biashara iliyo kwa kuridhiana. Na katika Surat an-Nahl, aya ya 106, amemtoa katika lawama mtu aliyelazimishwa kutamka kufuru na hali moyo wake umetulia katika imani. Ikiwa neno la kufuru halimshiki mwenye kulazimishwa, vipi litamshika neno la kuuza nyumba au la kukubali kazi? Kwa hivyo wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wamesema kuwa mkataba wa mwenye kulazimishwa bila ya haki ni batili. Wa Imam Abu Hanifa wameuita fasidi, wakampa mwenye kulazimishwa khiari ya kuuvunja au kuupitisha, hofu yake ikisha kuondoka. Imam Malik bin Anas wa Madina alipigwa mijeledi katika zama za Khalifa al-Mansur kwa sababu ya kushikilia kuwa talaka ya mwenye kulazimishwa haipiti. Kwani watu walifahamu kwamba, kwa kauli hiyo, kiapo cha utiifu kilichochukuliwa kwa nguvu nacho hakimfungi mtu.

Na fukaha hawakuacha neno ikrahi, yaani kulazimisha, likawa la kuchezewa na kila mwenye kujuta. Wameweka masharti. Mwenye kutisha lazima awe na uwezo wa kutimiza kitisho chake. Na mwenye kutishwa awe hana njia ya kujiokoa, si kwa kukimbia wala kwa kuomba msaada. Tena wakatoa ile ikrahi iliyo ya haki: kadhi akimlazimisha mdaiwa mwenye mali auze ili alipe deni lake, uuzaji huo unasihi. Tunamwomba msomaji alishike sana lile sharti la pili, la kukimbia na kuomba msaada, kwani ndilo litakalotufahamisha maisha ya mtu huyu.

Rusinga ni kisiwa kilichoko mlangoni mwa Ghuba ya Winam katika Ziwa Viktoria, mkabala na Mbita. Wenyeji wake wa asili ni Wasuba, ambao wengi wao kwa kupita miaka walifuata lugha ya Kijaluo. Katika zama za utawala wa Kiingereza nchi hiyo yote, yaani iliyo leo kaunti za Homa Bay na Migori, ilikuwa pamoja na Kisii katika wilaya moja iliyoitwa Kavirondo ya Kusini. Watu wake walikuwa wavuvi, wakulima na wafugaji, wala hawakuwa na haja kubwa ya fedha taslimu. Serikali ndiyo iliyowatia haja hiyo, kwa kuweka kodi juu ya kila nyumba na kutaka ilipwe kwa fedha. Asiyekuwa na fedha alikuwa hana budi kuzitafuta mahali zilipo, na zilikuwapo katika mashamba ya Wazungu, katika reli na katika bandari yetu ya Mombasa.

Tena ikaja vita kuu ya kwanza. Mwaka 1917 vijana kwa maelfu walichukuliwa kutoka Nyanza na kwingineko kuwa wapagazi wa majeshi yaliyopigana na Wajerumani katika Tanganyika, na wengi hawakurudi. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Vita vilipokwisha, mwezi wa Oktoba 1919, serikali ya Gavana Northey ilitoa waraka wa kuwaagiza maafisa na machifu wawahimize vijana waende wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Serikali ilisema kwamba hakuna kulazimishwa, ni kuhimizwa tu. Lakini chifu akimhimiza kijana, na nyuma ya chifu yuko askari, na nyuma ya askari iko jela, kijana atalifahamu vipi neno hilo? Viongozi wa makanisa walilalamika, maneno yakafika Uingereza, na mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, akakataza maafisa wa serikali kuwatafutia waajiri binafsi wafanya kazi. Mwaka huo huo watu wa Nyanza walianza harakati yao iliyojulikana kwa jina la Piny Owacho, wakidai pamoja na mengine kupunguziwa kodi na kuondolewa kipande.

Kipande kilikuwa cheti cha kazi kilichoanza kutumika kwa nguvu baada ya vita. Kila mwanamume wa Kiafrika alipaswa kuwa nacho, na kikatiwa katika kijaluba cha chuma kilichofungwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi ya kumwacha mfanya kazi, na asiyekuwa na sahihi hiyo hakuweza kupata kazi kwa mwengine. Juu yake ilikuwapo sheria ya mabwana na watumishi, iliyoanza mwaka 1906, ambayo kwayo mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wa mkataba wake alipelekwa mahakamani kama mhalifu.

Hapa liko jambo la kustaajabisha. Wakati huo huo nchi yetu ilikuwa na sheria nyingine ya mikataba. Waingereza walituletea Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872, nayo ndiyo iliyohukumu mikataba ya Kenya mpaka ilipoingia sheria mpya mwaka 1961. Sheria ile ya Bara Hindi ilikuwa wazi kabisa katika habari ya ridhaa. Ilisema kwamba kukubali si ridhaa ya khiari ikiwa kumetokana na kulazimishwa, au na mwenye nguvu kutumia vibaya nguvu yake juu ya mnyonge, au na udanganyifu. Ikahesabu kuwa katika kulazimisha ni kumtisha mtu kwa kitendo cha jinai, na hata kumzuilia mali yake kinyume cha sheria ili akubali. Na aliyelazimishwa ikampa khiari ya kuuvunja mkataba. Basi tajiri wa Mombasa aliyegombana na tajiri mwenziwe juu ya magunia ya mchele aliweza kusimama mbele ya hakimu akadai kwamba ridhaa yake haikuwa ya khiari. Lakini kijana wa Migori aliyetia kidole gumba katika mkataba wa shamba la katani, kwa kuwa kodi ilikuwa imemkaba, yeye akiuacha mkataba alikwenda jela. Nchi moja, serikali moja, na mizani mbili.

Katika hali hiyo Leonardus Ndiege wa Rusinga alitoka kisiwani kwake akaenda Kilima Mbogo, karibu na Thika, akafanya kazi katika shamba la katani la McMillan, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa wenziwe. Hatusemi kwamba alipelekwa kwa kamba. Alikwenda kwa miguu yake, kama walivyokwenda maelfu. Huko shambani, tarehe 15 Agosti 1930, mkewe Marcella akamzaa mtoto wa kiume, naye ndiye Thomas Joseph Odhiambo Mboya.

Mtoto alikulia baina ya watoto wa Kikamba, Kikikuyu na Kijaluo, akajua lugha za watu wengi kabla ya kukijua vyema kisiwa cha baba zake. Alisomeshwa katika shule za misheni: kwanza Kabaa katika nchi ya Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na mwaka 1946 akaingia Mang'u. Wazazi wake hawakuwa na uwezo wa kumfikisha mbali zaidi, basi akachagua masomo ambayo mwanafunzi hupewa posho. Mwaka 1948 aliingia chuo cha mabwana afya kilichokuwa Kabete, na mwaka 1951 akaandikwa kazi na Baraza la Jiji la Nairobi.

Huko Nairobi ndiko macho yake yalikofunguka. Bwana afya wa Kiafrika na wa Kizungu walifanya kazi ile ile, lakini ujira wa Mwafrika ulikuwa sehemu ndogo tu ya ujira wa Mzungu. Hakuna aliyemtia bunduki kisogoni akubali ujira ule. Angeweza kukataa na kwenda zake. Lakini aende wapi, na waajiri wote walikuwa na kipimo kimoja? Mboya alifahamu kwamba mtu mmoja mbele ya mwajiri mkubwa hana khiari ya kweli, kwani hana pa kukimbilia wala wa kumwomba msaada. Na hilo, ewe msomaji, ndilo lile sharti la fukaha tuliloomba ulishike. Kijana huyu hakusoma vitabu vyao, lakini maisha yalimfikisha mlangoni mwao.

Basi akageuka kutafuta huo msaada. Aliingia katika chama cha wafanya kazi wa Kiafrika wa baraza, akakigeuza mwaka 1952 kuwa chama cha haki cha wafanya kazi wa serikali za mitaa. Mwaka huo, mwezi wa Oktoba, serikali ilitangaza Hali ya Hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau. Vyama vya siasa vya Waafrika vilipigwa marufuku, na viongozi wao wakafungwa. Mboya akapoteza kazi yake ya baraza, na mwaka 1953, akiwa kijana wa miaka 23, akachaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi vya Kenya. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi yaliuzingira mji wa Nairobi yakawakamata watu kwa maelfu, wakiwamo viongozi wengi wa vyama vya wafanya kazi. Yeye alibaki akipinga dhulma hizo waziwazi, wala hakukubali kuingia katika njia ya kumwaga damu. Wenye hasira walimwona baridi, na serikali ikamwona moto.

Sasa tumefika mahali ambapo maisha yake yanaungana na mji wetu. Wazee wa Mombasa walikuwa na kumbukumbu za migomo ya mwaka 1939 na wa Januari 1947, watu walipoacha kazi kwa sababu ujira haukutosha chakula na kodi ya nyumba. Mwezi wa Machi 1955 wafanya kazi wa bandari ya Kilindini waligoma tena. Kati yao walikuwamo watu wa pwani na watu wa bara, na Wajaluo wengi waliotoka huko huko Nyanza. Hali ya Hatari ilikuwa ingalipo, na serikali ilikuwa na nguvu za kufanya itakalo. Mgomo wa namna hiyo ungaliweza kuishia kwa damu.

Mboya alishuka Mombasa. Akawashauri wagomaji warudi kazini, na madai yao yapelekwe mbele ya baraza la uamuzi lisilokuwa la upande mmoja. Shauri hilo halikuwa jepesi kwa watu wenye njaa, kwani kurudi kazini kabla ya kupewa kitu hufanana na kushindwa. Lakini walimsikiliza, na baraza likatoa uamuzi wa kuongeza ujira kwa kiasi cha asilimia 33. Jina la kijana yule likaenea nchi nzima.

Tuizingatie hekima iliyomo. Wafanya kazi walikuwa na nguvu ya kusimamisha bandari. Waajiri walikuwa na nguvu ya kuwaacha watu na njaa. Kila upande uliweza kuushurutisha mwengine, na kinachopatikana kwa shuruti hakidumu, kwani aliyeshindwa leo hungoja siku yake. Mboya aliutoa ugomvi katika mkono wa wenye nguvu akautia mkononi mwa mwamuzi, ambaye hukumu yake, ijapokuwa yalazimisha, yalazimisha kwa haki. Na ndiyo ile ikrahi ya kadhi iliyoruhusiwa na wanazuoni wetu.

Baada ya hapo alikwenda Chuo cha Ruskin, Oxford, akasoma mambo ya waajiri na waajiriwa, akarejea mwaka 1956. Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walipewa kwa mara ya kwanza nafasi ya kuwachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, nao walikuwa wanane kwa nchi nzima. Mboya akachaguliwa na watu wa Nairobi. Wajumbe hao waliahidiwa viti vya uwaziri ikiwa watakubali katiba iliyokuwapo, nao wakakataa. Walisema kwamba katiba ile iliandikwa bila ya ridhaa ya walio wengi, na mwenye kukaa katika kiti chake ameitia sahihi. Mwaka huo huo wakaletewa katiba nyingine yenye viti zaidi, nayo pia wakaikataa. Huku ndiko kuitumia khiari: kujua kwamba kuna saa ambayo neno hapana ndilo mali pekee aliyo nayo mnyonge, na kutoliuza kwa bei rahisi. Mwaka 1960, katika mkutano wa Lancaster House, London, ikakubaliwa kwamba Waafrika watakuwa wengi katika Baraza.

Hatutasimulia yote aliyoyafanya katika miaka hiyo. Ilitosha kwamba mwaka 1958 aliuongoza mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanywa Accra, na mwaka 1959 alikusanya misaada ya kupeleka vijana 81 kwa ndege kwenda kusoma Marekani, na wengine wakafuata. Tuendelee na jambo letu la mikataba.

Mwaka 1962 Mboya aliingia serikalini akawa Waziri wa Kazi. Migomo ilikuwa mingi kupita kiasi, uhuru ulikuwa mlangoni, na kila mtu alitaka haki yake siku hiyo hiyo. Wengine walidhani kwamba waziri aliyetoka katika vyama atawapa wafanya kazi ruhusa ya kufanya wapendavyo, na wengine walidhani kwamba kiti kitamgeuza atumie askari. Hakufanya hili wala lile. Aliwakalisha meza moja waajiri, wafanya kazi na serikali, na mwezi wa Oktoba 1962 pande tatu zikatia sahihi mapatano ya mahusiano ya kazi. Waajiri walikubali kwamba mfanya kazi ana haki ya kuingia katika chama, wala hataadhibiwa kwa sababu hiyo. Vyama vilikubali kufuata njia za masikilizano kabla ya mgomo. Na pande zote mbili zilikubali kuacha vitisho na kulipizana kisasi.

Jambo la mwisho hilo ndilo lililo zito. Mboya hakusema kwamba ikrahi ni haramu kwa tajiri na halali kwa maskini. Mwajiri anayemtisha mfanya kazi kwa njaa, na kundi linalomtisha mfanya kazi mwenzake kwa rungu ili aingie mgomoni, wote wamemnyang'anya mtu khiari yake. Baada ya uhuru, mwaka 1964, ikawekwa Mahakama ya Kazi ya kuamua magomvi hayo, na hakimu wake wa kwanza alikuwa Saeed Cockar.

Lakini sisi hatuandiki sifa tupu, kwani mwanadamu hakamiliki. Mwaka 1965 serikali, ambayo Mboya alikuwa mmoja wa mawaziri wake wakubwa, iliyavunja mashirikisho ya wafanya kazi yaliyokuwa yakishindana, ikaweka moja tu liitwalo COTU, na Rais wa nchi akapewa mkono katika kumweka katibu mkuu wake. Sheria ya mwaka huo ikaufanya mgomo wa halali kuwa mgumu kuupata. Waliotetea walisema kwamba nchi changa haiwezi kujengwa katika fujo, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mtu aliyetumia ujana wake kuwafungulia wanyonge mlango wa kuomba msaada alisaidia mlango huo kurudishwa nusu. Hili liwe onyo kwa kila mwenye kupewa madaraka: ni rahisi kuijua ikrahi unapokuwa chini yake, na ni vigumu kuiona unapokuwa juu.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa Nairobi, akafa. Umri wake haukutimia miaka 39. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo na akanyongwa mwaka ule ule, na maneno juu ya waliomtuma hayakwisha. Nchi ikatikisika. Katika miezi hiyo hiyo, katika sehemu za kati za nchi, watu wengi walichukuliwa wakalazimishwa kula viapo vya kisiasa, na viongozi wa makanisa wakasimama kupinga. Angalieni jinsi mambo ya dunia yanavyorudi: fatwa aliyopigiwa Imam Malik Madina katika karne ya pili ya Hijra ilikuwa na kazi Kenya mwaka 1969.

Maiti ya Mboya ilipelekwa Nyanza, akazikwa Rusinga, katika kisiwa alichotoka baba yake kwenda kutafuta fedha za kodi. Kaburi lake lipo mpaka leo na watu hulizuru, na mjini Homa Bay kipo chuo kikuu chenye jina lake.

Sasa, ndugu zangu, tujigeukie wenyewe, kwani hadithi isiyomrudisha mtu nafsini mwake ni mchezo. Kipande cha shingoni kiliondolewa zamani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekataza kazi ya kulazimishwa, na sheria ya ajira ya mwaka 2007 imesema hivyo hivyo. Lakini katika nyumba zetu za pwani wamo wasichana wa kazi waliotoka mbali, na wamo waliotoka Migori na Homa Bay. Wako katika sisi wenye kuchukua kitambulisho cha msichana siku ya kwanza na kukifungia kabatini, kwa kusema kwamba ni amana. Wako wenye kuzuia ujira wa miezi miwili ili asiondoke. Msichana huyo akiulizwa mbele ya wageni kama ameridhika, atasema ndiyo. Je, hiyo ni ridhaa? Kitambulisho kile katika kabati yako kina tofauti gani na kile kijaluba cha chuma? Hata sheria ya Bara Hindi ilijua kwamba kumzuilia mtu mali yake ili akubali ni kumlazimisha. Na Mtume wetu ametuamrisha tumpe mfanya kazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Na dhulma hiyo hiyo imetugeukia sisi wenyewe. Binti zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wamekwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, na wengi wamerudi na khabari za kunyang'anywa pasi na kuambiwa kwamba walitia sahihi kwa khiari yao. Tunalia tukisikia hayo, na twafanya vyema kulia. Basi tusilie kwa jicho moja. Pasi ya binti yetu huko na kitambulisho cha binti wa Homa Bay hapa ni kitu kimoja mbele ya Mwenyezi Mungu.

Tunamuusia kila mwenye kuajiri ajiulize mambo matatu kabla ya kusema kwamba mwenziwe ameridhia. Je, mtu huyu aliijua kazi na ujira wake kabla ya kukubali? Je, leo akisema hapana ataweza kuondoka na mali yake na heshima yake, bila ya kudhurika? Na je, akidhulumiwa, yuko wa kumwomba msaada asiyekuwa mimi? Yakiwa majibu yote ni ndiyo, mkataba wenu una baraka. Likikosekana moja, basi karatasi mliyoiandika haitakutetea siku ya hisabu, hata ikiwa na sahihi mia.

Tom Mboya alikufa kijana, na mema yake na makosa yake yako kwa Mola wake. Lililobaki kwetu ni funzo lake: kwamba ridhaa haianzi mtu anaposema ndiyo, bali huanza pale anapoweza kusema hapana. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa katika wenye kuwapa watu khiari zao kabla ya kuwadai ahadi zao.

Wabillahi tawfiq.